Ukurasa Ambao Sikuuandika Ubaoni

Sauti yangu iliisha kabla ya kazi yangu. Miaka minne ya mwisho, pale Kibondo, nilifundisha kwa kunong'ona, na wanafunzi wa mbele wakawa wanawapelekea wa nyuma maneno yangu kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Daktari alisema ni vumbi la chaki. Mke wangu alisema ni maneno mengi. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi. Kwa hiyo haya nayaandika, siyasemi. Ninyi mnaoshika chaki leo mtanivumilia nikirukaruka, maana kumbukumbu za mzee hazina ratiba ya vipindi.

Nilifundisha historia, na sehemu kubwa ilikuwa historia ya Waingereza, tangu tauni ilipowafagia hadi walipomkata mfalme wao kichwa. Msicheke. Mimi mtoto wa Makere, ambaye bahari nimeiona mara moja tu, nilimjua yule mfalme aliyeoa wake sita na nilijua kila mmoja wao aliishaje, lakini ukiniuliza bwawa la kijiji chetu lilichimbwa na nani, sijui. Tulichosomeshwa ndicho tulichokuwa nacho cha kutoa. Muhtasari mpya wa miaka ya sabini ulileta historia ya Afrika, na ilikuwa haki, ila humo ndani bado kulikuwa na sehemu ya namna Waingereza walivyotoka kwenye ukabaila wakaingia kwenye ubepari. Sehemu hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka miwili ya chuo cha ualimu. Kwa haki ningefundisha shule ya msingi, lakini walimu walikuwa wachache, nikapelekwa shule moja ya sekondari Kasulu na kuambiwa, "Utajifunza ukifundisha."

Kitabu kilikuwa kimoja. Kiliachwa na Mzungu mmoja aliyeondoka, na jalada lake lilipong'oka nikakishonea kipande cha gunia la kahawa. Wanafunzi walikuwa arobaini. Njia ya kufanya kazi ilikuwa moja tu: mimi nasoma usiku uliotangulia, asubuhi naandika muhtasari ubaoni, wao wananakili kwenye madaftari. Ubao ukipauka tulisaga makaa ya betri zilizokufa pamoja na majani ya viazi, tukaupaka, ukawa mweusi kama mpya. Chaki nililoweka kwenye maji ya sukari ili maandishi yang'ae, mpaka mke wangu alipogundua sukari yake inakwenda wapi.

Nataka mwielewe vizuri njia hiyo, maana kosa langu lilitoka humo. Kitabu kimoja, watu arobaini, na mkono wangu katikati. Jambo nisiloliandika ubaoni, kwa wale watoto, halikuwahi kutokea duniani.

Makosa madogo yalikuwa mengi, na hayo nayasimulia kwa furaha. Mwaka wa kwanza nilifundisha vita vya koo mbili za kifalme zilizokuwa na alama ya ua, moja jekundu na nyingine jeupe. Nilieleza vibaya. Kwenye mtihani, Salvatori, kijana ambaye wazazi wake walikimbilia kwetu kutoka Burundi, akaandika kwamba Waingereza waliuana miaka thelathini wakigombea bustani. Nilimpa sifuri. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mhina, mtu wa Korogwe mwenye kipara na subira, akaichukua ile karatasi, akaisoma, akacheka hadi akavua miwani.

"Sifuri hii ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya Salvatori."

"Hapana, bwana. Hii ni yako. Ulianza na wafalme, sivyo? Usianze na mfalme hata siku moja. Anza na alichokula mkulima asubuhi ile. Mfalme atakuja mwenyewe, wafalme hawakosi."

Huo ndio ualimu wote niliowahi kufundishwa ambao ulinifaa. Umeandikwa hapo juu, mnaweza kuuchukua bure.

Basi nilipofika kwenye ukabaila, bwana anayegawa ardhi na mtu anayemtumikia, nikajiuliza wakulima wa kwetu walikula nini. Nikakumbuka ubugabire. Ninyi vijana huenda mmelisikia neno hilo kwa bibi zenu: mwenye ng'ombe humpa asiye naye ng'ombe mmoja, na tangu siku hiyo aliyepewa ni mtu wake. Atamlimia, atamjengea ua, atafuatana naye safari. Maziwa ni yako, ng'ombe si wako. Nikaona hakuna haja ya mimi kupiga porojo wakati wenyewe waliopitia wako hai. Nikaenda kumwomba Mzee Ntabaye.

Mzee Ntabaye alikaa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kutoka shuleni. Alikuwa na migomba, kahawa kidogo, na katikati ya migomba makaburi mawili ya watoto wake. Mkewe, Bibi Skolastika, alikuwa mwembamba na mwenye kikohozi cha siku nyingi, na mdomo mkali kuliko mwiba.

"Unamtaka mzee wangu akafundishe?" aliniuliza. "Huyu? Mimi ameshindwa kunifundisha kunyamaza, itakuwa hao arobaini?"

Mzee alikuja, amevaa koti la manamba alilotoka nalo kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Akaingia darasani, na kabla hajasema neno akainama kidogo, akapiga makofi matatu, laini, viganja vimepinda, akiutazama ukuta. Darasa likaangua kicheko. Yeye hakukasirika.

"Chekeni," akasema kwa Kiha. "Hivi ndivyo nilivyomsalimu aliyenipa ng'ombe. Mnadhani nilimpenda? Unampigia makofi mtu aliyeshika maisha yako mkononi, ili asiyabane."

Sijawahi kufundisha ukabaila vizuri kuliko siku ile, na siku ile sikufundisha mimi.

Akanogewa. Kila Jumatano, siku ya soko, akishauza maharage yake, alikuja akakaa dawati la nyuma. Mimi nikisoma Kiingereza ubaoni, namtafsiria kwa Kiha kipande kwa kipande. Darasa lilimzoea kama walivyozoea kengele. Nilipofundisha tauni, jinsi watu walivyokufa hadi mashamba yakakosa wa kuvuna, akainua fimbo yake, akaniita mwanawe kwa Kiha.

"Mwana wanje, hao vibarua waliobaki, si walipandishiwa mshahara? Kule mkonge tulipopungua, nyapara aliongea kwa adabu wiki nzima."

"Hapana, mzee. Mabwana walitunga sheria kwamba ni marufuku kudai zaidi ya mshahara wa zamani."

Alicheka akajipiga paja. "Hao ni mabwana kweli! Nilikuwa nadhani Wazungu ni tofauti."

Akawa anarudi nyumbani na kumsimulia Bibi Skolastika, na Bibi akawa anatuma maswali. Kwa nini yule mfalme alimwacha mke wa kwanza? Huyo mtoto wa kike waliyemdharau, si ndiye aliyetawala miaka mingi kuliko nduguye wa kiume? "Mwambie Mwalimu," alituma siku moja, "hapo Waingereza wamenifurahisha." Mimi nikajiona mtu mkubwa. Watu wawili wazee wa ng'ambo ya bonde waliamini kwamba ninajua mambo yanavyoanza na yanavyoisha.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Ulikuja mwaka wa kuhamia vijijini. Ninyi mmesoma habari zake kwa aya mbili. Watu waliokaa mmoja hapa, mmoja kule, kila mtu ndani ya migomba yake, walitakiwa washuke kando ya barabara, wajenge kwa mistari, wapate shule, maji na zahanati. Sikuona ubaya wa mawazo yenyewe, na hadi leo siwezi kusema shule na zahanati ni mambo mabaya. Lakini watu wa ng'ambo ya bonde walisita. Mvua zilikuwa karibu, maharage yalikuwa bado shambani, na huko kando ya barabara kulikuwa na vigingi tu.

Katibu kata alinijia shuleni. Alikuwa kijana wa umri wangu, mchapakazi, hakunitisha hata kidogo. Alisema, "Mwalimu, wale wazee wanakusikiliza wewe. Njoo useme neno kwenye mkutano. Una elimu, tafuta mfano." Nimejidanganya miaka mingi kwamba niliogopa. Sikuogopa. Nilifurahi kuombwa. Kulikuwa na bomba la kupazia sauti, lile la bati, na sikuwa nimewahi kulishika.

Mwalimu Mhina alinikuta nikijiandaa ofisini na kile kitabu.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ya Waingereza. Jinsi ardhi ilivyopangwa upya, mashamba ya vipande vipande yakaunganishwa, wakazungushia uzio, nchi ikatajirika kwa sufu."

"Utawaambia yote?"

"Yanayotosha, mkuu."

"Yanamtosha nani?" akauliza, akaenda zake kupiga kengele.

Ukurasa wa mia na kumi na moja ulieleza utajiri ule. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ulieleza waliotolewa kwenye hayo mashamba. Paa zao zilibomolewa ili wasirudi. Wakazagaa barabarani na watoto. Kisha ikatungwa sheria kwamba mtu mzima asiye na bwana wala kazi achapwe mijeledi na arudishwe alikozaliwa, na huko alikozaliwa kulikuwa na kondoo. Ukurasa huo niliujua. Nilikuwa naufunua kila mwaka na kuuruka kila mwaka, kwa sababu mtihani haukuuliza, na kwa sababu kipindi kilikuwa kifupi. Sikuwa na nia mbaya. Ndivyo kuruka kunavyoanza, wanangu: kipindi ni kifupi.

Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja cha mpira cha shule ya msingi, saa nne asubuhi. Nilisema vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Nilianza na alichokula mkulima, kama nilivyofundishwa. Nikafika kwenye uzio na sufu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Ntabaye akasimama na fimbo yake, na wote wakamgeukia, maana walijua anasoma kwangu kila Jumatano.

"Mwalimu, mimi sina ubishi na wewe. Nauliza tu. Hao waliotolewa kwao, ile sufu na wao waliivaa?"

Bomba lilikuwa mdomoni. Kile kitabu kilikuwa kwapani, na ule ukurasa ulikuwa ndani yake. Wangapi wamewahi kuulizwa swali huku jibu liko kwapani mwao?

"Ilichukua muda, mzee," nikasema. "Lakini waliivaa."

Alinitazama kidogo. Kisha akawageukia majirani zake. "Basi. Mtoto huyu amesoma mwisho wa mambo haya. Mimi nitahama kwanza, nichague mahali pazuri kabla hamjaanza kusukumana."

Watu wakacheka, mtu mmoja akamwambia, "Wewe unamfuata mwalimu kama ndama!" naye akajibu, "Afadhali ndama kuliko wewe mbuzi, unayefuata majani." Mkutano ukaisha kwa furaha. Katibu kata alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Mzee Ntabaye alihama wiki ileile. Alibomoa nyumba yake mwenyewe ili achukue miti na milango, maana miti ya kujengea haikuwa imefika. Kaya saba zilimfuata, kwa neno lake, nalo neno lake lilitoka kwangu. Wale waliosita walihama pia, lakini baadaye, baada ya mvua, maharage yao yakiwa kwenye magunia. Waliofuata neno langu walipokelewa na mvua ndani ya vibanda vya nyasi.

Nilikwenda kuwaona mara moja. Bibi Skolastika alikuwa amejifunika blanketi, maji yanapita chini ya kitanda cha fito, na kikohozi chake kilikuwa kimebadilika sauti. Mdomo ulikuwa uleule. "Mwalimu, karibu Uingereza," akaniambia. "Kaa hapo pakavu, kama utapaona." Nilicheka naye. Nilikuwa na nusu kilo ya sukari, nikaiacha, nikarudi kusahihisha madaftari.

Alifariki baada ya siku tisa. Zahanati ilikuja, ndiyo. Ilikuja baada ya miaka mitatu, na ni nzuri, binti yangu alizaliwa humo. Walimzika nyuma ya kiwanja kipya, kwenye ardhi ambayo hakuna mtu wa ukoo wake aliyekuwa amewahi kuilima. Mzee aliomba amrudishe kwenye migomba, karibu na wale watoto wawili. Lakini daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na mto, na maiti haingoji. Nilisimama msibani na walimu wengine. Mzee alipokea rambirambi yangu kama ya mtu mwingine yeyote.

Waliosoma kwangu Kibondo baadaye watawaambia kwamba Mwalimu wao alikuwa na kichaa fulani: kwamba kila mwaka, hata muhtasari ulipobadilika, hata mtihani usipouliza, kulikuwa na kipindi kizima cha watu waliobomolewa paa na kuchapwa barabarani, na kwamba aliandika ukurasa mzima ubaoni neno kwa neno, hakufupisha, hata mikono ya watoto ilipochoka. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba napoteza muda. Alikuwa na haki ya kuandika hivyo. Nami sikueleza, kwa sababu kueleza kungekuwa kutafuta huruma, na sikuwa mtu wa kuhurumiwa katika habari ile.

Lakini mara ya kwanza kuuandika ukurasa ule sikuwa Kibondo. Ilikuwa Kasulu, miezi michache baada ya msiba, Jumatano, na nilikuwa nimefika tena kwenye uzio na sufu kwa kidato kingine. Mlango ukafunguka. Mzee Ntabaye akaingia na koti lake la manamba, akaenda kukaa dawati la nyuma kama zamani. Salvatori, ambaye alikuwa amerudia darasa, akamsogezea benchi.

"Endelea, mwana wanje," akasema. "Nimekuja kusikia walivyoivaa."

Ningeweza kubadilisha somo. Ningeweza kusema kipindi kimekwisha. Nilifunua ukurasa wa mia na kumi na mbili. Niliuandika wote. Herufi zilipanda na kushuka kama barabara ya Munanila, na watoto wakanakili bila kuuliza, kama walivyonakili kila kitu. Nilipomaliza nikamtafsiria kwa Kiha, kipande kwa kipande: paa, barabara, watoto, mijeledi, kurudishwa, kondoo. Sikuruka neno.

Alisikiliza ameegemeza kidevu kwenye fimbo. Nilipofika mwisho alikinyooshea kitabu kidole.

"Kitabu hiki ni kipya?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Ni kile kile ulichokuwa nacho kwapani siku ya mkutano?"

"Ni kile kile."

"Kumbe ulikuwa unajua."

Nilisema, "Ndiyo, mzee," au nadhani nilisema. Akasimama taratibu, akaiegemeza fimbo ukutani ili mikono yake miwili iwe huru. Akaniinamia kidogo, macho yakitazama ukuta, akapiga makofi matatu, laini, viganja vimepinda. Kisha akachukua fimbo yake akatoka.

Safari hii hakuna aliyecheka.